Shangazi Ndani ya Plasta

"Sogeza kidogo kushoto," mguu ulisema.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, nikakuacha na kikombe kimesimama njiani kuelekea mdomoni. Mguu wa kulia wa mgonjwa wa kitanda cha nane, uliofungwa plasta ngumu ya mfupa kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, ulifungua kinywa usichokuwa nacho ukatoa amri, kwa sauti ya mama wa makamo aliyezoea kutiiwa.

Katika wodi nzima ya majeruhi vichwa viligeuka. Wa kitanda cha saba alivuta shuka mpaka puani. Wa kitanda cha tisa, aliyekuwa akiugulia mgongo wiki mbili, aliketi wima.

"Mimi nimepona," akasema taratibu. "Naomba ruhusa yangu."

Mwenye mguu alikuwa refa wa mpira, mtu wa miaka hamsini, kifua kipana, filimbi bado ikining'inia shingoni juu ya nguo za hospitali. Aliutazama mguu wake kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyetoa siri ya nyumbani mbele ya wageni.

Ni mtu mmoja tu aliyeitambua sauti ile, naye alikuwa amesimama mlangoni, faili mkononi. Huyo ni Daktari Kesho. Jina hilo binti huyu alipewa na mama yake mzazi, kwa kuwa kila akipigiwa simu aje nyumbani ale, hujibu, "Kesho, mama." Asubuhi hiyo alikuwa na saa thelathini na moja kazini bila kulala.

"Shangazi," alinong'ona.

"Shangazi yako yumo humu?" refa akauliza. "Ameingia saa ngapi?"

Kama wiki iliyopita ulifungia samaki gazeti kabla hujalisoma, nitakukumbusha mbiombio, maana saa ya ukutani imeshagonga tatu na nusu na mambo hayatungoji.

Kuna wafadhili walioahidi kuipa wodi hii kipimo kimoja cha mkononi cha ultrasaundi, kile cha kutazamia ndani ya mwili bila kupasua. Kikubwa kilichopo kiko jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Mwezi uliopita Daktari Kesho alimsukuma mama mmoja aliyekuwa akivuja damu tumboni, katikati ya mvua, juu ya kitanda cha magurudumu manne ambayo matatu tu ndiyo yanayokubali kwenda upande mmoja. Walipofika, fundi wa mashine alikuwa ameenda kula. Mama yule aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo daktari akipumua anapumua kipimo.

Wafadhili walileta vipimo vitatu vya aina tatu, vijaribiwe siku saba. Leo, saa sita juu ya alama, afisa wao atakuja. Avikute vyote vitatu mezani, vizima, na daktari aseme anachagua kipi. Kikikosekana hata kimoja, zawadi inapanda ghorofa ya juu yetu, wodi ya wakubwa, ambako wanavyo viwili tayari na kimoja wanakitumia kuzuia mlango usijifunge.

Cha kwanza wauguzi walikiita Pasi, kwa uzito na kwa joto. Cha pili walikiita Kioo, kwa kuwa kilikuwa chembamba na kinang'aa kama uso wa bibi harusi. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kinene, sura ya kipande cha sabuni ya kufulia. Ukikiacha kinalala, ukikigonga kinaamka, ili daktari mwenye glavu zenye damu asihangaike na vitufe. Na kikiamka kinaanza kuelekeza watu. Huyo ndiye Shangazi.

Shangazi alipotea jana jioni. Wamemtafuta chini ya vitanda, kwenye mashuka machafu, hata ndani ya jiko la chai.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe na kilichopotea chaweza kuwa mguuni mwa mwenzio.

Daktari Kesho akakumbuka, na kukumbuka kulimshuka kama maji baridi mgongoni. Jana jioni bomba lilikuwa limekauka, Fundi Plasta akaenda na ndoo kutafuta maji. Alipochelewa, daktari akaanza kumfunga refa mwenyewe. Akaviringisha pamba mguuni. Akaitwa na wa kitanda cha tano. Akamweka Shangazi juu ya pamba, muda mfupi tu, apate mikono miwili. Aliporudi, fundi alishafika na maji, na macho yake daktari yalikuwa wazi lakini yenyewe yamelala. Akaviringisha plasta. Akazunguka, akazunguka, akalainisha kwa kiganja vizuri kabisa.

"Nilikwambia, Daktari," refa akasema. "Nilikwambia kuna kitu kinanisukuma."

"Nilikujibuje?"

"Uliniambia ni uvimbe."

"Tafadhali usitikisike," mguu ukasema. "Ninaangalia."

"Mama!" daktari aliita.

Aliyeitwa mama hakuwa mama yake. Alikuwa sista mkuu, aliyeanza kazi wodi hiyo kabla daktari hajaota meno, na mwenye funguo zote kiunoni isipokuwa ule wa peponi. Alikuja bila haraka. Alisikiliza mguu. Aliinamisha kichwa.

"Mwanangu," alisema, "nimeona mkasi umesahauliwa. Nimeona saa ya mkononi imesahauliwa. Shangazi mzima, hii ni mara yangu ya kwanza."

"Tuikate plasta, mama. Tukate sasa hivi, tumtoe, tumfunge upya."

"Tumfunge kwa nini?"

"Kwa plasta."

"Ipi?" Sista akatikisa funguo. "Hiyo aliyofungwa ndiyo ilikuwa roli ya mwisho. Stoo imebaki panya na ahadi. Plasta nyingine Jumatatu, Mungu akipenda na lori likipona."

"Basi imekwisha maneno," refa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe uso wake ukachangamka. "Plasta haikatwi. Huyo shangazi na abaki. Mimi sina ugomvi naye."

"Baba, kifaa kile kinatakiwa saa sita."

"Na mimi mguu wangu natakiwa nao maisha."

Simu ya daktari ikalia mfukoni. Alitazama namba. Ni afisa wa wafadhili, ambaye kwa kupenda karatasi wodi nzima ilimwita Bwana Fomu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Walimjua kwa sauti ya simu tu.

"Daktari, tupo pamoja kwa saa sita?"

"Tupo pamoja, Bwana Afisa."

"Vyote vitatu vipo?"

Daktari alitazama mguu. "Vyote vipo wodini," alisema, na haukuwa uongo.

"Vizuri. Nitachelewa kidogo kwenye ngazi, mguu unanisumbua. Lakini kuna daktari mmoja hapo kwenu jana jioni alinipokea vizuri. Sikujitambulisha, sipendi upendeleo. Alinishauri nitembeetembee nisigande."

"Alikushauri vyema," Daktari Kesho akasema, akili yake yote ikiwa kwenye mkasi.

Wewe msomaji weka maneno hayo kwenye pindo la kanga. Tutayafungua baadaye.

Kabla hajaigusa plasta, mlango ukasukumwa. Aliletwa mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, tumbo limekutana na ukingo wa toroli. Alikuwa kijivu usoni. Ndivyo wodi ya serikali ilivyo, mwenye shida yake anaingia wakati uko katikati ya shida ya mwenzake.

Daktari akashika Kioo. Niseme kweli, tangu siku ya kwanza moyo wake ulikwenda kwa Kioo. Mtu aliyefanya kazi miaka sita na vitu vilivyofungwa kwa kamba, akishikishwa kinachong'aa, haulizwi kwa nini amependa.

Kioo kilimsalimu vizuri. Kikataka neno la siri. Akaliandika, kikakataa, kwa kuwa hakijui vidole vyenye glavu. Akavua glavu. Kikakubali, kikafikiri, kisha kikamjulisha kwamba kimeanza kujiboresha, asikizime, asubiri dakika arobaini.

"Daktari," mwashi akauliza, amelala chali, "na mimi nisubiri dakika arobaini?"

"Lete Pasi, mama."

Pasi ilifanya kazi. Ilionyesha tumbo lote, damu hakuna, wengu mzima, na daktari akashusha pumzi. Ila kufika dakika ya tatu Pasi ilianza kukumbuka jina lake.

"Mnanipima au mnaninyoosha?" mwashi akauliza.

"Vumilia kidogo, kaka."

"Navumilia, dada. Lakini kama mtaendelea na shati, kola ilikuwa na makunyanzi."

Daktari alicheka bila kupenda. Alipomaliza, saa ilikuwa tano na robo. Ujumbe wa mama yake ulikuwa umeingia: *Chai yako ya juzi bado iko mezani. Nimeifunika na kisahani.* Hakujibu. Alitembea kwenda kitanda cha nane, na safari hii alikuwa na Fundi Plasta nyuma yake.

Fundi Plasta alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mavumbi meupe hadi kwenye nyusi. Alibeba msumeno wake wa umeme, akauchomeka ukutani. Umeme ukakatika palepale, kana kwamba ulikuwa ukimngoja yeye.

"Mungu yupo," refa akasema.

"Na mkasi upo," fundi akajibu, akautoa kwenye mfuko wa nyuma.

Refa akakumbatia goti. "Sikieni. Niliketi kwenye benchi lile saa sita nzima kuipata plasta hii. Sasa mnataka kuibomoa. Nyumba ikibomolewa mwenye nyumba anapewa barua kwanza."

Fundi aliinama, akaigonga plasta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kama mtu anayechagua nazi. Alipofika juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa nje, sauti ikabadilika.

"Sogeza kidogo kushoto," Shangazi akasema kutoka ndani.

Fundi akasogeza kidole kidogo kushoto. "Yuko hapa," alisema. "Daktari, nyumba nzima haibomolewi kwa sababu ya kunguni mmoja. Tunatoboa dirisha. Kipande nikikitoa kizima, nakirudisha kuwa kifuniko. Plasta yake inabaki yake."

Daktari Kesho angembusu, mavumbi na yote.

Kama refa angekuwa na hoja moja tu, hapo ingekuwa imekufa. Lakini alikataa bado. Alisema ana mzio wa mkasi. Alisema anasikia kizunguzungu. Alisema kwanza apigiwe mke wake, halafu akasema hapana, mke wake hasa ndiye asipigiwe.

Sista mkuu akamtazama kwa jicho jembamba. "Wewe baba, mguu unauma?"

"Unauma sana."

"Upi?"

Refa akasita. Kusita kwenyewe kulikuwa kidogo, kama kipepeo kupita mbele ya taa, lakini sista aliona.

"Kata," alimwambia fundi.

Mkasi ukala plasta, kru, kru, kru. Saa tano na dakika thelathini na tano. Wa kitanda cha saba alishusha shuka apate kuona. Wa kitanda cha tisa, yule aliyepona, aliomba asogezewe kitanda. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikatoka kizima, na kwenye pamba, kama kifaranga kwenye kiota, Shangazi alikuwa amelala amejaa unga mweupe.

Daktari alimtoa kwa mikono miwili. Usiku mzima ndani ya maji ya plasta, jasho la refa na uzito wa refa. Alimpangusa kwa koti lake. Hakuulizwa neno la siri. Alimgonga tu mara moja mgongoni.

"Habari za kazi," Shangazi akasema. "Niweke kwenye ngozi."

Wodi ilicheka yote, na daktari pia, na wakati akicheka alijua amekwisha kuchagua. Kioo kilikuwa kizuri cha kutazamwa. Huyu alikuwa wa kufanya kazi naye, alfajiri kwa alfajiri, bila maji, bila umeme, amesahauliwa, na asinune.

"Ngoja nihakikishe macho yake hayajadhurika," alisema. Kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi mbele yake, pamba imesogea na ngozi ya refa ikionekana juu ya kifundo, mahali palepale ambapo picha ya eksirei ilionyesha mfupa mwembamba umevunjika, akamweka Shangazi pale.

Akatazama. Akapandisha kidogo. Akashusha kidogo.

Kicheko kikamwisha.

Mfupa ulipita kwenye skrini ya Shangazi mweupe, laini, umenyooka kama uzi wa mwashi. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa hata na mchubuko.

"Baba," alisema polepole, "mguu wako haujavunjika."

"Umepona?" refa akajaribu. "Madawa yenu makali."

"Haujawahi kuvunjika."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya refa huyu iliishia hapo kitandani. Alitazama dari. Alitazama filimbi yake. Kisha akanong'ona, na wodi nzima ikainama kusikia.

"Kesho ni fainali. Timu moja ni ya mashemeji zangu wote, wako saba, wadogo hakuna. Timu ya pili ni ya mwajiri wangu. Nipulize huku nafukuzwa kazi, nipulize huku nafukuzwa nyumbani. Nilikuja hapa nachechemea kuomba kijibarua tu, mapumziko ya siku tatu. Daktari mwenyewe akatazama picha akaniambia, pole baba, mfupa umevunjika. Mimi nani nibishane na msomi?"

"Ulijua hauumi."

"Nilijua hauumi. Nikasema labda umevunjika kwa heshima."

Sista mkuu aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Lakini Daktari Kesho hakuwa akicheka. Alikwishaichukua ile picha ya eksirei kutoka mguuni mwa kitanda na kuinua dirishani, maana taa ya kutazamia picha iliungua mwaka jana. Ufa ulikuwepo, dhahiri. Bahasha za picha zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo jana waliandika kwenye utepe wa gundi na kubandika pembeni. Utepe ulisema: *Mzee, mguu wa kulia.*

"Jana jioni," alimwuliza refa, "mlipigwa picha wazee wangapi wa mguu wa kulia?"

"Wawili. Mimi na bwana mmoja mpole mwenye mwavuli. Alinipisha kwenye benchi."

Daktari akamkumbuka. Bwana mpole, suruali imepigwa pasi, aliyesema asante mara tatu. Daktari alikuwa ametazama picha yake, picha safi, mfupa umenyooka, akamwambia ni msuli tu. Picha safi ile, alielewa sasa, ilikuwa ya refa.

"Nilimwambia..." alianza.

Hakumaliza. Kutoka ngazini sauti ilikuwa ikipanda. Tok. Kimya. Tok. Kimya. Tok. Ni ncha ya mwavuli kwenye saruji.

Mlango ukafunguliwa saa sita kasoro dakika mbili. Bwana mpole aliingia ametota jasho la uso, mwavuli mkono mmoja, mkoba wa karatasi mkono wa pili.

"Daktari," alisema kwa furaha, "kumbe ndiwe wewe. Ndiwe uliyenitibu na ndiwe niliyekuwa nikizungumza nawe kwenye simu. Nimefuata ushauri wako. Nimetembea kutoka kituo hadi hapa."

Fungua sasa pindo la kanga, msomaji. Bwana Fomu mwenyewe, kwenye mguu uliovunjika, amepanda ghorofa mbili kwa agizo la daktari.

"Karibu, baba," Daktari Kesho akasema. Akamvutia kiti. "Keti."

"Nikiketi sitanyanyuka. Tumalize kwanza." Akaviona vipimo mezani, Pasi, Kioo, na Shangazi akiwa bado na unga kwenye pembe. "Vitatu. Vizima. Huu unga?"

"Alikuwa kazini," sista mkuu akasema.

"Unachagua kipi, Daktari?"

"Huyu." Aliweka kiganja juu ya Shangazi. "Kimoja kinataka nikibembeleze wakati mgonjwa anakufa. Kimoja kinachoma watu. Huyu amelala usiku kucha mahali pabaya na ameamka anafanya kazi. Ni kama sisi."

Bwana Fomu alitabasamu. Alifungua kalamu. Alijaza mstari, akajaza wa pili, akiegemea mwavuli na kuuma meno kila alipohamisha uzito. Refa alivuta shuka juu ya dirisha lake.

"Bado swali moja, halafu nasaini, Shangazi wenu anabaki," alisema, akasoma. "Katika siku saba za majaribio, je, wodi imefanya kosa lolote katika kumpima mgonjwa? Ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, wodi inaondolewa kwenye orodha ya zawadi." Akainua kichwa kwa upole. "Ni swali la kawaida tu. Naandika hapana?"

Nusu dakika. Angenyamaza nusu dakika, kalamu ingepita, Shangazi angekuwa wao. Halafu angemwambia. Nusu dakika haivunji mguu uliokwisha vunjika. Alimwona yule mama kwenye mvua, na gurudumu la nne likigoma. Sista mkuu alikohoa kikohozi cha kumwambia anyamaze, na kabla hakijaisha akakohoa kingine cha kumwambia asinyamaze.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Na haya hayakuwa maradhi yake ayafiche.

"Baba," Daktari Kesho akasema, "usiandike kwanza. Vua soksi."

Alimketisha kwa nguvu. Alipiga magoti kwenye saruji, akamweka Shangazi juu kidogo ya kifundo.

"Tafadhali usitikisike," Shangazi akasema. "Ninaangalia."

Ufa ukaonekana, mweusi, kama ufa wa sahani. Bwana Fomu alikuwa ameleta vipimo hivi wodi nyingi na amefundishwa kusoma picha. Aliutazama muda mrefu.

"Huu ni mguu wa nani?"

"Wako, baba."

"Na aliyeniambia nitembee?"

"Ni mimi. Nilichanganya picha mbili. Yako nilimpa mwingine, nikamfunga plasta mtu ambaye hakuvunjika. Nisamehe. Swali lako jibu lake unalo."

Bwana Fomu alivuta karatasi magotini, akaizungushia mkono kama mtoto wa shule anayekataa kuibiwa jibu, akaandika neno moja. Akasaini. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi, akampa daktari.

"Hutaifungua," alisema, uso umebadilika rangi kwa maumivu, "mpaka mguu wangu uwe umefungwa plasta. Ndipo tutazungumza mimi na wewe."

"Plasta," fundi alisema, "hakuna hadi Jumatatu." Kisha nyusi zake nyeupe zikapanda. "Ila huyu bwana na yule ni kimo kimoja. Lile gamba nikilipasua mbele na kulitoa zima, litamshikilia huyu vizuri tu siku tatu."

Vichwa vyote viligeuka kitanda cha nane.

Shuka lilikuwa limelala kitandani peke yake. Kutoka ngazini ilisikika plasta ikigonga saruji, du, du, du, ikishuka vidato vitatu vitatu, kwa kasi ambayo hakuna refa amewahi kukimbia nayo uwanjani.

Daktari Kesho, bahasha mkononi, saa thelathini na nne kazini, alivua viatu.